Shimizi

Mtunzi wa tamthilia niliyempenda alikuwa Mwairishi, akafa kabla hajazeeka. Nilichompendea ni sikio lake. Alikwenda kuishi visiwani na watu maskini wa kwao, akawasikiliza wanavyoongea mpaka lugha yao ikamkaa kinywani. Alipoipeleka jukwaani, watu wa mjini wakamzomea, hasa kwa neno moja tu: jina la nguo ya ndani ya mwanamke. Niliposoma habari hiyo nilicheka. Nilidhani ni upuuzi wa watu wa zamani.

Nikaitafsiri tamthilia yake kwa ajili ya kundi letu la Waswahili kanisani pale Spånga, huku Uswidi. Ukweli ni kwamba niliifanya kwa ajili ya binti yangu. Amezaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Lakini anapenda kuigiza, basi nikampa nafasi ya msichana mkuu. Kwa mara ya kwanza nikamsikia jikoni akigombana na sufuria kwa Kiswahili. Nilikuwa nazima redio ili nimsikilize.

Kwenye mazoezi tukalifikia neno lile. Nilikuwa nimeandika "shimizi", neno la bibi yangu wa Mombasa.

"Aa, kwetu hilo gagulo bwana!" akasema dada mmoja Mtanzania.

Mama mmoja wa Kongo akashikilia ni "jupon". Tulicheka hadi machozi. Mwenyekiti wetu, Mkenya mwenzangu, hakucheka.

"Dada, hii ni nyumba ya Mungu. Hilo neno litoke."

"Ni nguo tu, kaka. Hata mama yako alivaa."

Basi nikawa nimemtukana mamake! Kikao kikaitwa, tamthilia ikafutwa, nafasi yake ikapewa kwaya. Wale wale waliocheka nami waliinamia simu zao. Sijawasamehe. Mwairishi alizomewa, lakini angalau mchezo wake ulichezwa.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Upplands Väsby, nilimwambia binti yangu tutatafuta ukumbi mwingine.

"Jag orkar inte, mamma," akanijibu. Amechoka, hawezi tena. Akageukia dirishani.

Juzi alikuja na rafiki yake Mswidi, akaulizwa kama anajua Kiswahili. Nilikuwa jikoni, redio inaongea.

Akajibu kwa Kiswidi kwamba anajua neno moja tu. Kisha akalitamka, vizuri kabisa, kama bibi yangu.