Mdogo wangu amemkata kifaru kutoka kwa picha pekee ya baba

Wakuu, salamu kutoka Voi. Hii sijaitia chumvi. Ningekuwa na nguvu ya kutunga, ningetunga kitu cha kuchekesha.

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi walipofariki nilitoka shule Form Two nikalea wadogo zangu. Saa hii nimebaki na Wakesho, yuko Grade Five.

Nimevumilia mengi, lakini hizi project za CBC, mtaala mpya wa shule, zitanimaliza.

Wiki jana waliambiwa walete picha za wanyama waliotoweka duniani, wabandike kwenye kitabu. Nikamwambia angoje Jumamosi twende cyber tuprinti. Hakungoja.

Tuna picha moja ya baba. Moja tu. Alikuwa kibarua mbugani, na hapo anamnywesha mtoto wa kifaru maziwa kwa chupa. Wakesho alichukua makasi akamtoa kifaru.

Nilipomuuliza, alinijibu bila wasiwasi, "Baba nimemwacha, kaka. Nimetoa mnyama tu."

Sasa wakuu, chupa ilishikwa na nani? Mkono wa baba, kuanzia kwa kiwiko, umeenda na kifaru.

Kesho yake nikaenda shule. Madam, mwalimu wake, alikuwa ameshasahihisha. X kubwa nyekundu, imepita juu ya kifaru na juu ya mkono. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba vifaru bado wapo, hata hapa Tsavo. Madam, mimi ni wa hapa, najua. Na kitabu hakitoki shule mpaka term iishe, eti ni cha assessment.

Nilirudi nyumbani nimejipanga kugomba.

Wakesho akasema mwalimu aliwaambia waliotoweka ni wale wamebaki kwa picha peke yake. "Kifaru sijawahi kumuona. Baba pia simkumbuki. Lakini baba si mnyama."

Sikugomba.

Jamaa wa cyber naye anasema atamwekea baba mkono mwingine kwa computer. Mkono wa nani?

Funzo ni hili: kama una picha moja ya mtu wako, itoe copy leo. Usingoje Jumamosi kama mimi.

Sasa nisaidieni kabla kitabu hakijarudi. Nani anajua kubandua picha iliyoshikwa na gundi nyeupe bila kuichana? Andika hapo chini, utani weka kando. X ikibaki sawa. Nataka mkono.