Tonge la Upande Mkavu

Mtu akikuambia kwamba Mzee Bakili alimwangusha Otto kwa sababu ya dini, mwambie apite kwangu kwanza. Mimi naishi naye mlango kwa mlango. Cherehani yangu iko barazani, inatazama mlango wake, na kwa miaka kumi na tisa hakijatoka wala kuingia kitu kwake nisikione. Wananiita mmbea. Sawa, lakini mmbea naye ana macho.

Bakili ni Myao wa Nakapanya, kule Tunduru. Alikuja Songea angali kijana akauza dagaa wa Nyasa sokoni, na anawauza mpaka leo. Mtaani kwetu, hata hivyo, alijulikana kwa kisu chake. Hapa kwetu shughuli iwe ya Mkristo au ya Mwislamu, mnyama anachinjwa na Mwislamu ili watu wote wale sufuria moja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ikiwa harusi, komunyo au msiba, anaitwa Bakili. Anakuja na kisu kimefungwa kwenye kipande cha kanga ya mkewe Asma, anamwelekeza mnyama kibla, anasoma bismillahi yake, anapewa shingo, anarudi kwake.

Kila mkesha wa Krismasi, tangu asubuhi, foleni ya kuku mlangoni kwake ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kitubio kanisani. Nilikuwa namtania, "Mzee Bakili, wewe ndiye paroko wetu wa pili." Naye alijibu, "Mama Jane, paroko anasamehe. Kwangu mimi hakuna anayerudi na kuku wake mzima."

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bibi Fausta, mama yake Otto. Bakili alipofika mjini hana ndugu, bibi huyo ndiye aliyempa chumba, akala mezani na Otto mpaka alipooa. Bibi alishasema mara nyingi, tena mbele yetu: "Siku yangu ikifika, ng'ombe wangu achinjwe na Bakili. Mwingine asimguse."

Sasa Otto. Alikuwa mwenyekiti wetu wa mtaa kwa miaka mitano, na miwili ya mwisho bomba la mtaa halikutoa hata tone. Tulishuka bondeni na ndoo, sisi wanawake, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu. Otto alisema fundi anakuja. Mvua zilikuja, kiangazi kikaja, fundi hakuja. Siku moja Asma aliteleza na ndoo kichwani akavunjika mkono, na mkono ule mpaka leo haunyooki.

Zikafika kura za maoni za chama. Wagombea wawili, Otto na Abdulatifu. Chama kimoja, kofia rangi moja, ahadi zile zile. Watu wakakosa cha kuwatofautisha, wakachukua kilicho karibu. Ibra, anayejiona msemaji wa Waislamu wote wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba akisema wakati wetu umefika. Upande wetu, baada ya rozari ya jumuiya, kiongozi wetu Lidwina alikunja mkeka akasema, "Tunajuana jamani. Mwenzetu tusimwache." Tukaitika. Hata mimi niliitika.

Bakili hakupita nyumba kwa nyumba. Alikwenda nyumba moja tu, kwa Otto mwenyewe, na hilo ndilo kosa lake. Mtu mwenye akili za mjini angenyamaza, kura si siri? Lakini yeye alilelewa meza moja na yule mtu, akaona kumficha ni kumsaliti. Nilikuwepo, nimepeleka gauni la Bibi Fausta.

"Otto," alisema, "safari hii kura yangu sikupi. Asma hawezi kushika hata mwiko. Abdulatifu ana shemeji fundi wa mabomba. Nimeona nikwambie kabla hujasikia kwa watu."

Otto alicheka. "Kaka, bomba tu?"

"Bomba tu."

Bibi Fausta alikuwa kwenye kiti chake, shuka magotini. Akasema, "Angalau amekuja kusema." Otto hakucheka tena.

Otto alishindwa kwa tofauti ya kura tisa. Matokeo yaliposomwa, Ibra alimkumbatia Bakili mbele ya halaiki, akapaza sauti, "Umesimama na dini yako, mzee wangu! Allah akulipe!" Bakili alijaribu kujinasua, aseme kitu, lakini nani angemsikia katika makelele yale? Otto alikuwa hatua tano kutoka hapo. Nilimwona akitazama, kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetaja bomba. Waislamu walimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya na Wakristo wakamnunia kwa jambo hilo hilo. Lidwina akaniambia, "Lisemwalo lipo, Mama Jane." Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno kabisa, lakini niliyameza. Abdulatifu akapita kwenye uchaguzi wenyewe, Novemba, bila kupingwa.

Mkesha wa Krismasi Bakili alinoa kisu, akatoa kiti, akakaa mlangoni. Saa tatu, saa nne, saa sita. Hakuja kuku hata mmoja. Asma akatoka akasema, "Ingia ndani baba, jua kali," naye akajibu kwamba labda wamechelewa. Wa kwangu nilimchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, lango nimelifunga kwa komeo, na nilimshika mdomo asilie. Naandika haya kwa aibu.

Bibi Fausta akafariki Februari, mvua zimeshika. Ndugu zake wakaleta ng'ombe kutoka Madaba. Bakili alikwenda msibani siku ile ile, akakaa na wanaume, akalia kama mtoto wa nyumba. Hakuna aliyemwambia neno juu ya ng'ombe, naye hakuuliza. Wosia ulikuwa unajulikana. Siku ya maziko alioga, akavaa kanzu, akachukua kisu kwenye kile kipande cha kanga, akanipita barazani. "Nakwenda kumtimizia mama," akaniambia.

Alipofika, nami nyuma yake, ng'ombe alikuwa ameshachunwa. Clinton, mtoto wa dada yake Otto, alikuwa anaosha damu mikononi. Bakili alisimama pale kwenye tope na kisu chake kwapani. Kisha akaenda akaketi kwenye mkeka na Waislamu wenzake waliokuja kuzika. Chakula kilipoanza kugawiwa, wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja, huyu ameitwa, yule ana dawa ya saa nane. Bakili hakunyanyuka.

Otto mwenyewe alimletea sahani. Ugali, nyama tatu juu, mchuzi umetapakaa.

"Karibu chakula, kaka."

"Otto, mama alisema..."

"Mama amelala ndani. Mimi ndiye ninayesema." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Ulikuja kwangu ukaniambia ni bomba tu. Nimekusikia. Basi kama dini haimo, kula."

Nilikuwa na beseni la kunawia mikononi. Nilitaka kupiga kelele kwamba hayo ni mambo mawili, kwamba mtu anaweza kushika swala yake na bado akachagua mwenyekiti kwa bomba. Mtoto mdogo angelijua hilo. Nikamsogezea mwingine beseni anawe.

Bakili aliipokea sahani. Kisha akaigeuza taratibu, akakata tonge dogo la ugali upande mkavu, ule ambao mchuzi haukufika, akalitia mdomoni. Alitafuna, alitafuna, likapita kwa shida. Akaweka sahani chini.

"Nimekula ugali wa mama," akasema.

"Nimeona," Otto akajibu, akainama akaichukua sahani na nyama zake tatu.

Ndiyo mara ya mwisho wao kusemezana. Tangu hapo mtaa wetu una sufuria mbili kwenye kila shughuli, na waalikwa wanajua pa kukaa bila kuelekezwa. Bakili haitwi, hata na wenzake. Kina Ibra wamempata kijana mwingine, maana walisikia kwamba alikula kwa Otto, na habari ikifika mbali haisemi tonge la upande gani. Bomba lilitengenezwa mwezi wa nne. Linatoa maji, tena mengi. Watu wa kwa Otto hawaligusi, bado wanashuka bondeni na ndoo.

Juzi Bakili aliniletea suruali ya kupunguza kiuno, amekonda. Nikaona nimtie moyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe na Mungu wako mnajua ilikuwa bomba."

Alitazama sindano ya cherehani.

"Mama Jane, nitakwambia wewe tu. Bomba lilikuwa kweli, na mkono wa Asma kweli. Lakini nilipoandika lile jina kwenye karatasi, Abdulatifu, roho ilitulia. Ilitulia vizuri mno. Bomba peke yake halitulizi roho namna ile. Kila siku najiuliza ule utulivu ulitoka wapi."

Nilikanyaga cherehani, nikashona, nikampa suruali yake. Alipoingia ndani nilikaa pale mikono mapajani. Mimi niliyeshuka mteremko ule na ndoo miaka miwili, mimi niliyemwokota Asma kwenye tope, kura yangu nilimpa Otto. Niliiandika haraka, bila kufikiria bomba hata kidogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.