Siku Walipokuja Kuposa Injini

Karasha letu liko Buhemba, linasaga mawe ya dhahabu, na anayeliendesha ni mwanangu wa pili. Lakini injini ya dizeli ni yangu. Ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari ya binti yangu mkubwa, na kwetu ng'ombe wa binti ni wa nyumba ya mama yake. Hapo mtu asinibishie.

Ilikuwaga na kelele ile injini, na moshi wake ulifanya vitenge vyangu vyote viwe rangi moja. Basi nguzo za umeme zilipofika, akaja kijana mmoja mpole wa wilayani, akatukalisha wenye makarasha akatueleza habari za hewa ukaa, kwamba dunia inapata joto na serikali inataka viwanda vihamie umeme. Nikamuuliza, "Na huo umeme umehamia huku, au unatutembelea tu?" Watu wakacheka. Yeye akanywa maji.

Mwanangu alishaamua: anauza injini, alipie mota ya umeme. Mota tulishafungiwa kwa majaribio, na mwenye nayo, mfanyabiashara wa Musoma, alisema tusipolipa wiki ile anaifungua anaondoka nayo.

Mnunuzi wa injini akatoka Bunda na dereva wake. Nikamkuta ameshashika spana.

"Wewe! Binti wa watu anachukuliwa hivyo? Mshenga wako yuko wapi?"

"Shikamoo mama. Nimekuja kununua injini."

"Marahaba. Nimeuliza mshenga."

Mwanangu akajishika kichwa. "Mama, hiyo ni chuma."

"Chuma kimetoka kwa dada yako. Kaeni chini."

Wakakaa. Mnunuzi ana akili yule. Akamfanya dereva kuwa mshenga, naye akaanza kusifia: ana sauti nzuri huyu, hana tamaa, anakunywa dizeli tu. Nikabana mdomo nisicheke. Tulikaribia kabisa kupatana, mota inanguruma taratibu nyuma yetu, mara ikanyamaza. Umeme umekatika, na mawe ya watu yamo ndani.

Wenye mawe wakatukodolea macho. Mwanangu akainuka, akahamisha mkanda kutoka kwenye mota kuja kwenye injini, akazungusha hendeli. Injini ikawaka, moshi ukammeza mshenga.

"Mama," mnunuzi akasema huku anakohoa, "sasa ndiyo naitaka zaidi."

"Sasa ndiyo haolewi."

"Na mota nalipia na nini?" mwanangu akapiga kelele juu ya mngurumo. Wote wakanigeukia.

Hapo nikaona nimejifunga mwenyewe. Maana hata mimi niliitaka ile mota. Tangu ifungwe nilikuwa nalala bila kukohoa. Ziwe zote mbili, basi, na mwenye kusema hivyo ndiye alipe.

Siku ya mnada wa ng'ombe tukaswaga dume langu jekundu mpaka Nyamuswa. Njia nzima mwanangu anapiga mluzi nyuma yangu. Nikamwambia akiendelea, nauza na pikipiki yake.