Mji wa Vioo Juu ya Shuka

Kipaza sauti kile kilinuka mate ya mtu mwingine na tumbaku iliyolala. Nakikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka sauti ya mama yangu, na hilo si jambo la kujivunia. Bwana mmoja mnene, dereva wa gari la sinema, alininyooshea, akaniambia maneno ambayo hayakuwamo kwenye filamu, akanitaka niyaseme kwa Kiha mbele ya watu wa kwetu milimani. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, kweli na uongo nilivijua, na hakuna aliyenishikia fimbo. Nilikipokea, nikakifuta mdomo kwa shati langu la shule, nikakubali.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Ujiji kwa shangazi yangu, kwa sababu shule ilikuwa huko chini na kwetu ni juu, njia ya Kalinzi, kwenye migomba na mibuni na ukungu wa asubuhi. Jumapili alasiri nilikuwa natembea hadi Kigoma mjini kwenye jumba la sinema. Lilikuwa na paa la bati, mvua ikinyesha husikii neno, na ndani mlinuka jasho, karanga na mawese yaliyoganda kwenye nguo za watu. Huko ndiko nilikoharibikiwa akili. Nilizipenda filamu za mambo yasiyokuwapo, na tatu kati ya hizo nilizipenda kuliko watu. Majina yake sikuyashika, wala hayakustahili kushikwa. Ya kwanza ilikuwa na mwana wa mfalme aliyeruka angani juu ya farasi wa jiwe; ukikaa safu za mbele unaiona waya iliyomning'iniza, na farasi mwenyewe alikuwa akiyumba kama kapu kwenye kamba ya kuanikia. Ya pili ilikuwa ya wanaume wanne waliosafiri kwenda kwenye nyota ya mbali ndani ya chombo kilichofanana na birika la shangazi, pua na yote. Walipofika walikuta mawe makavu yasiyo na tofauti na yale ya Bangwe kando ya ziwa letu, na wenyeji wenye jicho la tatu lililobandikwa kwa gundi. Mmoja jicho lilimdondoka akiwa anazungumza, akaendelea kuzungumza. Ya tatu ilikuwa ya mji wa miaka ijayo: majumba ya vioo, taa zinazowaka bila mtu kuziwasha, barabara zinazotembea zenyewe watu wakiwa wamesimama tu kama magunia. Hiyo ndiyo niliyoipenda kupita zote. Ndiyo pia ya kijinga kupita zote, kwa maana katika mji wote ule hakuonekana mtu hata mmoja aliyekuwa akila, wala aliyekuwa na baba.

Nilipata sifa ukumbini kwa sababu ya Kiingereza changu. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaijali taa ya karabai, hivyo wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kutafuta ugomvi, na Jumapili za namna hiyo walikuwa wakijaza mabenchi. Hawakuelewa neno, basi wakanifanya mfasiri wao. Waliniita Mdomo.

"Mdomo, anasema nini huyo wa kwenye birika?"

"Anasema mafuta yamewaishia, watakufa."

"Si ashuke Ujiji tumpe mawese!"

"Mwambie apige kasia, mvivu huyo! Ana mikono ya nini?"

Ukumbi mzima ulicheka, nami niliwadharau kwa kucheka. Niliwaona ni washamba wasioelewa mambo makubwa. Nikitazama nyuma, waliokuwa na akili mle ndani ni wao. Waliiona ile filamu kama ilivyokuwa, birika lenye watu, wakapata kicheko chao wakaenda zao. Mimi ndiye niliyetoka nje macho yakinimetameta, nikautazama mji wa Kigoma, kituo cha reli na vibanda vya samaki, nikaona aibu kuzaliwa karibu navyo.

Huko ukumbini ndiko alikonikuta yule dereva. Tulimwita Bwana Mashine. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na gari lenye jenereta, kuwaonyesha watu filamu za kuchimba vyoo na kupanda kwa mistari. Watu wa milimani walizitazama mara moja, mara ya pili wakaondoka katikati. Naye alikuwa na shida: ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya pamoja, na watu wa kwetu waliambiwa washuke bondeni waache migomba na mibuni yao, nao walikuwa wakiitikia kwa adabu na kubaki palepale walipo. Bwana Mashine alitaka kusifiwa na wakubwa zake. Aliiazima ile filamu ya mji wa vioo kwa mwenye ukumbi, na mfasiri wake aliyejua Kiswahili tu akamwacha mjini.

"Wewe Mha, siyo?" aliniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Basi utasema kwa lugha yenu. Waambie hiki ndicho kijiji kipya. Wakishuka, ndivyo kitakavyokuwa."

"Lakini hii ni ya uongo. Ni mchezo tu, bwana."

"Kwani nani atajua? Wewe si ndiye msomi wao?"

Nilijua jibu la swali hilo, nalo lilinipendeza. Ndiyo maana nikakipokea kipaza sauti.

Kwetu, mkutano wa jioni huwekwa kwenye mbalamwezi ili watu waone njia za kurudia majumbani, maana vijia vile ukikosea hatua unaangukia shamba la mwenzako. Kwa mtu wa sinema huo ni wendawazimu. Usiku tuliopanda na gari lile, mwezi ulichomoza nyuma ya shuka letu jeupe la kuonyeshea na picha ikafifia kama moshi. Majumba yakawa vivuli, taa zikawa madoadoa. Kwa macho tu, hakuna mtu ambaye angeamini chochote usiku ule. Kasoro ambazo mjini zingewachekesha wavuvi hapa hazikuonekana, wala huo mji wenyewe haukuonekana. Kilichobaki ni mdomo wangu. Niliwaambia hapa ni nyumba, kuta zake ni za kioo, nanyi mtakaa humo. Niliwaambia zile ni taa, haziombi mafuta. Niliwaambia barabara itambeba bibi kizee hadi kisimani. Nilipamba mambo ambayo hata mtengeneza filamu hakuyawaza, na sauti yangu ikarudi kutoka mlima wa pili ikiwa nene kuliko yangu, nikaipenda.

Baba alikuwa amekaa mbele, juu ya gogo, matope ya shamba yakiwa yamemkaukia miguuni. Niliyaona matope yale nikaomba asijitambulishe kuwa ni baba yangu. Akasimama. Kwa adabu ya kwetu alipiga makofi mepesi kwanza, kana kwamba anamsalimu mkubwa, na mkubwa mwenyewe nilikuwa mimi.

"Mwidiwe," aliwasalimu wote, kisha akanigeukia. "Kabura, mwanangu. Wewe umesoma. Haya unayosema umeyaona?"

"Nimeyaona, baba."

"Ni kweli?"

Watu wote walinigeukia. Jenereta iliendelea kukoroma.

"Ni kweli, baba."

"Basi," alisema akiwageukia wenzake, "mtoto wangu hawezi kunidanganya mbele za watu."

Alihama kabla ya mtu yeyote kumlazimisha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikilizwa, majirani walimfuata. Mibuni aliyoirithi kwa babu, ikiwa imebeba matunda yanayoanza kuwa mekundu, aliiacha. Bondeni walikuta vigingi vilivyopigwa kwenye majani marefu, mbu, na maji yaliyonuka chuma. Nilipokwenda likizo nilimkuta anakandika udongo kwenye fito. Shikamoo yangu aliiitikia kama kawaida, akanipa kigoda. Mzee mmoja jirani, Bihoga, ndiye aliyenichokoza.

"Msomi, hii ndiyo ile barabara inayotembea? Jana nimeisubiri hadi miguu imeota ukoka."

Wote walicheka isipokuwa baba. Aliendelea kukandika. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba mambo huchukua muda, kwamba vioo vinasafirishwa kutoka mbali, na nilikuwa mpumbavu kiasi cha kuyasema. Baba aliosha mikono taratibu, akaingia ndani.

Kuna watu hunifariji. Wananiambia wote walihamishwa hatimaye, hata waliokataa, hivyo mzee angeshuka tu. Huenda. Lakini angeshushwa na lori, asingeshushwa na mwanawe.

Siku hizi niko Katubuka, hapa Kigoma mjini, na wajukuu zangu hutazama filamu za namna ileile kwenye simu, wakiwa wameinamisha shingo kama kuku wanaokunywa maji. Nimezitazama pamoja nao. Nyuzi hazionekani tena na jicho la tatu halidondoki, linapepesa kabisa. Uongo umepata mafundi bora, ndio maendeleo niliyoyaona. Majumba ni yaleyale ya vioo, na bado humo ndani hakuna anayekula. Juzi mjukuu wangu wa mwisho aliniuliza, "Babu, na wewe ulikuwa na filamu unayoipenda?" Nikamsimulia ya ule mji. Nilisimulia vibaya, kwa makusudi, nikiweka waya na gundi kila mahali. Akasikiliza, kisha akauliza, "Kweli, babu?" Nikamwambia hapana, hata chembe. Alirudi kwenye simu yake amekasirika, nami nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia siku nyingi.

Baba aliishi muda mrefu baada ya kuhama. Hakunigombeza hata siku moja, na chakula alinipa kila nilipofika. Ila alipomwoza dada yangu alishauriana na mdogo wangu ambaye hakusoma. Alipouza ndama, vivyo hivyo. Alipougua na kutaka kuchagua mahali pa kuzikwa, alimwita mdogo wangu, mimi nikiwa nimekaa mlango wa pili. Lile swali la kwenye gogo ndilo la mwisho aliloniuliza maishani mwake. Kwa kile kipaza sauti nilimpoteza baba, naye akiwa hai.