Mwosha Chupa na Meno ya Watoto

"Anakusanya meno ya watoto," Fundi alisema, pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni. "Tena siyo meno yoyote, ni yale ya utoto yanayong'oka. Anayatia kwenye vichupa, anabandika karatasi, anayapanga dirishani kama mtu anayepanga maua. Sasa niambie, shoga, mtu mzima na akili zake, meno ya watoto wa watu ya kazi gani?"

Mama Kadogo alikuwa ameleta gauni la binti yake lishushwe upindo. Binti mwenyewe alikuwa mgongoni, amelala, mate yakimlowesha mama yake begani.

"Wewe umeyaona?"

"Niyaone ili iweje? Aliyeyaona ndiye aliyeniambia." Fundi akatema pini kiganjani. "Juzi kamwendea mama wa mapacha, eti, 'Naomba jino la mwanao.' Katimuliwa kwa mwiko! Kaa chonjo, atakuja kwako."

"Kwangu atafuata nini? Kadogo hajamaliza hata kuota."

Fundi aliinamia cherehani, akaikanyaga, ikaenda mbio kuliko kazi iliyokuwapo. Hapo ndipo Mama Kadogo alipoelewa.

Kwa sababu kabla ya Kadogo alikuwapo Babu.

Hilo halikuwa jina lake la darasani. Walimwita Babu kwa sababu tangu ajue kutembea alitembea kama mstaafu, mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua uwanja kana kwamba vyumba vyote ni vyake na wapangaji wamechelewesha kodi. Ndala zake zilikuwa kubwa kuliko miguu, akiziburuta, shwa, shwa, shwa. Akafika miaka sita. Mwaka wake wa mwisho aliumwa tumbo kila mara, akapauka, akawa mkali kwa wenzake, akaanza kupotewa hata na maneno aliyoyajua. Kisha asubuhi moja akashikwa na degedege, na kabla ya adhuhuri hakuwapo tena.

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Majirani, kwa wema wao, waliacha kumwita Mama Babu. Kadogo alipozaliwa wakapata jina jipya la kushika. Lakini mchana, jua likiwa utosini na uwanja umenyamaza, bado alizisikia zile ndala. Zilitoka upande wa kisima cha zamani, zikapita nyuma yake alipokuwa akifua, zikaishia mlangoni. Hakugeuka. Alijua akigeuka zitakoma, na hakutaka zikome.

Kilichokuwa kikimla ndani ni jambo moja ambalo hakumwambia mtu, hata mume wake. Asubuhi ile mtoto alilalamika kichwa. Yeye alikuwa na beseni la nguo limejaa povu. Akamwambia, "Subiri mama amalize, twende zahanati." Akamaliza. Akasuuza. Akaanika mpaka soksi. Tangu siku hiyo alikuwa amejihukumu kwamba zile soksi ndizo zilizomuua mwanawe.

Basi yule aliyekuwa akisemwa walimwita Bi Chupa. Alikaa chumba cha mwisho, karibu na lango, peke yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameosha vyombo vya maabara ya kemia katika chuo kikuu, na alipostaafu jina la kazi likamfuata nyumbani. Mama Kadogo hakuwa na mazoea naye, ila alimwangalia. Mtu aliyeishia darasa la saba hujifunza mengi kwa kuangalia. Alikuwa ameona kwamba Bi Chupa akiosha kikombe cha chai, alikisuuza mara tatu; hakuna siku aliyosuuza mbili wala nne. Kisha alikiinua kwenye mwanga, akakitazama ndani muda mrefu, kama mtu anayesubiri aliyemo amjibu.

Hakuweza kukaa roho juu akingoja kubishiwa hodi. Siku ileile, saa tisa alasiri, akaenda mwenyewe.

"Hodi humu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, Mama Babu."

Jina hilo lilimpiga kifuani. Akakaa ukingoni mwa kiti, Kadogo mapajani.

Vichupa vilikuwapo kweli. Vinne tu, dirishani, na ndani ya kila kimoja jino dogo kuliko punje ya mahindi, lina kidoa cha kahawia mahali liliposhika fizi. Chumba kilinuka sabuni. Hapakuwa na vumbi popote, hata nyuma ya mlango.

"Nasikia wanasema nafuga majini," Bi Chupa alisema. "Mimi, mwanangu, hata kuku walinishinda."

Mama Kadogo alicheka bila kupenda, halafu akauliza moja kwa moja, maana aliogopa akizunguka atakimbia. "Mama, unayatakia nini?"

"Ngoja kwanza nikuambie nilikofanyia kazi. Watu wanadhani kemia ni kuchanganya rangi mpaka moshi ufuke. Kumbe mlango wetu ule haukufungwa. Wa kilimo analeta udongo wa shamba. Wa hospitali analeta damu ya mgonjwa. Mtu wa mambo ya kale anakuja na kigae cha chungu, anauliza miaka elfu iliyopita walipika nini humu, na kweli anaambiwa, maana mafuta yalinywewa na ule udongo, hayajatoka mpaka leo. Kila mmoja na elimu yake, akikwama anakuja kwetu. Na chochote alichokuja nacho kilipita kwenye chupa niliyoiosha mimi."

"Na meno?"

"Kuna mama mmoja mtafiti, kazi yake mifupa ya kale. Namkabidhi vyombo siku moja, akanionyesha jino la mtoto aliyezikwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Akaniambia jino linajengwa tabaka juu ya tabaka, kama mti unavyonenepa. Alichokinywa mtoto tangu tumboni kimekaa humo, na hakifutiki. Nilienda chooni nikakaa saa nzima."

"Kwa nini?"

Bi Chupa alitazama mlango uliofungwa nusu. Kisha akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayesoma barua aliyokwisha kuikariri.

Miaka saba nyuma, mwanafunzi mmoja mtafiti alichota maji ya visima vya mtaa huu, kisima chao kikiwamo. Nyuma ya ukuta palikuwa zamani na karakana ya kuyeyusha betri za magari, na kijana yule alishuku kwamba risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, imezama ardhini na kufika majini. Chupa za kazi kama hiyo hulazwa kwenye tindikali, kisha husuuzwa mara tatu kwa maji ya mtambo, yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa upya, maji yasiyo na kitu. Siku hiyo mtambo ulikufa. Yaliyokuwa kwenye dumu hayakutosha. Bi Chupa alisuuza mara mbili kwa hayo, na ya tatu akafungulia bomba.

"Jengo la kale, mabomba ya kale, viungo vimechomelewa kwa risasi hiyohiyo," alisema. "Nilikuwa najua. Nilitaka kuwahi kwenda nyumbani, basi."

"Kwa hiyo maji ya kisima yakaonekana mabaya?"

"Yote yakaonekana mabaya, mwanangu. Hapo ndipo msiba ulipo. Kuna chupa moja huwa haitiwi maji ya kisima. Inatiwa maji ya mtambo matupu, ya kulinganishia. Hiyo nayo ikionekana ina risasi, basi uchafu umetoka maabara, na kazi yote inatupwa. Ikaonekana nayo. Profesa akatupa. Kijana akapewa utafiti mwingine, wa rangi za vitambaa. Wakaniuliza, 'Mama, ulisuuza kama kawaida?' Nikajibu, 'Kama kawaida.'"

Na kisima kikaendelea kunywewa, miaka mitano mizima, mpaka maji ya bomba yalipoingia mtaani na watu wakakifunika kwa zege bila kujua wanafunika nini.

"Nikifungua bomba lolote, hata la kunawa, nasikia watoto wanagombania ndoo kisimani. Nilidhani nikistaafu wataniacha. Vyumba viko tele mjini, Mama Babu. Jina la mtaa huu nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi za chupa, na nikaja kupanga hapa. Sijui kwa nini. Labda walinivuta."

Kadogo aliunyoosha mkono kuelekea dirishani. Mama yake akaurudisha.

Alikuwa akihesabu miaka, na hesabu ilikuwa inakubali. Tumbo. Kupauka. Maneno kupotea. Kama ni risasi, basi ilikuwa imeshamaliza kazi yake muda mrefu kabla ya beseni lile, na soksi hazikuua mtu. Aliitamani hiyo risasi. Aliitamani mpaka akajiona mchafu, mama gani huyu anayeombea mwanawe awe alinyweshwa sumu. Kisha akamtazama mzee aliyekuwa mbele yake, mikono imechunika kwa miaka ya tindikali, akaona kwamba kitakachomtua yeye mzigo ndicho kitakachomwangukia yule.

"Na jino lake lisipokuwa na risasi?" aliuliza.

"Mimi nitapumua. Na wewe utabaki na ulichonacho. Sijui ni nini, lakini naona unavyosimama kwenye kamba ya nguo."

"Jino litarudi?"

"Hapana. Linasagwa, linayeyushwa. Halirudi hata chembe. Sitaki kukudanganya, nimeshadanganya mara moja."

Aliondoka bila kuaga. Chumbani kwake akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa kijikopo cha pamba. Nguo za Babu shangazi zake walishazigawa; waliona wanamsaidia. Jino hili hawakulijua. Lilitoka na ukoko wa mkate, mwezi mmoja kabla ya msiba, naye akaja nalo kiganjani akisema kwa uzito wote, "Mama, nimeanza kuharibika."

Kadogo alipoliona akataka kulitia mdomoni.

"Hapana, mama. Hili la kaka."

"Kaka nani?"

Hakuwa amewahi kumwambia. Akamwambia, pale pale sakafuni, kwa maneno machache, na mtoto akasikiliza akitafuna kidole. Alipomaliza, uwanja ulikuwa kimya. Akalifunika jino kwenye pamba, akambeba binti yake, akarudi chumba cha mwisho.

Bi Chupa hakulipokea kwa mkono. Alifungua kichupa kipya akakisogeza, Mama Kadogo akalidondosha mwenyewe. Lilitoa mlio mdogo sana. Bi Chupa akaandika mwaka wa kuzaliwa, akauliza mwezi, akauandika.

"Asante," alisema. Halafu hakuweka kichupa dirishani pamoja na vingine. Alikishika tu, akikitazama.

"Kuna jambo lingine, Mama Babu. Yule mtafiti wa mifupa atayapima meno haya Jumanne. Amenipigia simu niende nimwandalie vyombo, eti hakuna anayeosha kama mimi." Akacheka kidogo. "Wao wananiamini. Mimi sijiamini. Nikisuuza vibaya, ile chupa ya kulinganishia itachafuka tena, kazi itatupwa tena, na mimi nitaokoka. Hakuna atakayejua. Unaiona mikono hii? Safari hii ina sababu ya kukosea."

Akakiweka kichupa kiganjani mwa Mama Kadogo, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Wewe umesuuza nguo maisha yako yote. Twende wote. Nitakuonyesha tindikali isikuguse, nitakuonyesha maji ya mtambo, kisha mimi nitasimama mlangoni nisiguse kitu. Nakuomba, mwanangu. Vyombo vya mwanao uvioshe wewe."