Mistari Niliyoisogeza Kulia

Kwa nini niliigusa ile programu, hata leo sijui. Ni ya zamani, ya kukatisha tiketi za boti letu la Kalemie kwenda Moba, na ndani yake kila neno lina safu yake. Mimi nimezoea lugha za siku hizi, ambazo unaandika popote. Niliona mistari imebanana, nikaweka nafasi mwanzoni mwake, ikasogea kulia, ili ipendeze. Sikujua kwamba kinachovuka mpaka wa kulia mashine haikisomi. Yaliyovuka yalikuwa maneno ya kuuliza kama kiti bado kitupu.

Asubuhi bandarini, viti vingi vilikuwa na wenyewe wawili. Papa Célestin, mkubwa wetu, akamgeukia Mama Furaha wa tiketi.

“Mama, uliuzisha mara mbili?”

Mama Furaha akaanza kulia. Mimi nilikaa, nikasimama, nikafuta miwani isiyo na vumbi, nikakaa tena. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

“Papa, njo mimi, si Mama Furaha. Niliongeza nafasi kwenye programu.”

Akanipa kipaza sauti. “Ambia watu.”

Nikarudia maneno yale yale. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua tiketi yake.

“Kama uliongeza nafasi, basi ya kwangu iko wapi?”