Nilivyokwenda Morogoro Kumchukua Wakesho

Mume wangu alisema neno moja tu, "Kamlete," nami nikaanza kutafuta mkoba. Wa kuletwa alikuwa Wakesho, kifungua mimba wetu, aliyekuwa Morogoro, Tanzania, akiwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu. Alipomaliza masomo yake hapa Mombasa alituomba mwaka mmoja wa kumtumikia Mungu kule. Kazi yenyewe alikuwa ameianza zamani, akiwa bado mwanafunzi. Kila Jumamosi alikuwa akienda Shanzu kusoma Biblia na wasichana wa chuo cha ualimu, kwa hivyo hatukushangaa alipoitwa nje. Mwaka ukaisha. Akapiga simu akasema wamemwomba akae miwili zaidi.

Na wakati huohuo baba yake, ambaye ni dereva wa kreni pale Kipevu, alikuwa amemtafutia nafasi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Wenye ofisi walisema watangoja jibu mpaka Jumatano, basi. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Mimi kidato cha nne nilikifanya shule ya jioni, nishakuwa mama wa watoto watatu, nasinzia juu ya kitabu mwalimu akisema. Wakesho ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Baba yake aliliona lile joho kila akifumba macho, na sasa aliona kama limevaliwa bure. Nami, niseme kweli, nilimwelewa.

Alhamisi alfajiri jirani yangu Bi Mwanaisha alinigongea mlango, mkononi ana kopo la visheti.

"Vya Wakesho hivi. Wallahi usivile njiani, nakujua."

"Sivili, dada."

"Na ukifika usimkemee. Mtoto akikemewa ugenini hulia mara mbili. Haya, Mola akufikishe salama."

"Amina," nikamwambia, na ndege moja ikapita juu ya mapaa yetu ya Changamwe ikishuka uwanjani, taa zake zikatumulika sote wawili kama mchana, kisha giza likarudi.

Pale Likoni basi letu la Dar liliingia feri, nasi abiria tukashuka tukavuka kwa miguu kama ilivyo desturi. Watu walikuwa wengi lakini kimya, kila mtu bado ana usingizi wake usoni. Nilishika chuma cha pembeni nikatazama nyuma. Taa za bandarini zilikuwa hazijazimwa, zinaelea juu ya maji, na mimi nikahisi si feri inayokwenda bali ni mji unaotuacha. Sikuwa nimewahi kutoka Kenya. Nilijiuliza Wakesho alihisi nini alipopita hapa peke yake, na kwa nini siku ile nilimwuliza habari za sweta tu.

Lunga Lunga tulifika jua limepanda. Afisa wa mpakani, kijana mwenye sauti ya upole, aliitazama pasi yangu.

"Shikamoo mama. Waenda kufanya nini Tanzania?"

"Marahaba. Naenda kumchukua mwanangu."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Sasa mbona wamchukua?" Akacheka, akagonga muhuri, akamwita mwingine. Kwake ilikuwa maskhara ya kazini. Mimi lile swali lilipanda nami basi.

Baada ya Tanga mashamba ya katani yalianza, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Mstari mmoja ukipita, mwingine wafunguka, kama mtu anayefunua kurasa asisome. Nikalala. Niliota nimembeba Wakesho mgongoni, mtoto mchanga wa miezi sita, napanda mlima wa kwetu Taita, na kila nikipiga hatua anakuwa mzito, mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini. Nikamwambia, "Shuka utembee." Akanijibu, "Mama, si wewe unayenishikilia?" Nilipoamka tulikuwa Segera, na mikono yangu imeukumbatia mkoba.

Chalinze nilibadili basi, na jioni nikaingia Morogoro. Milima ya Uluguru imekaa juu ya mji ule karibu kabisa, imejifunga mawingu kiunoni. Nilisimama pale stendi nikiishangaa, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Mke wangu! Umefika!"

Nikageuka na mkoba wangu tayari kumpiga mtu. Alikuwa kijana mrefu sana, mwenye miwani, anatabasamu. Nyuma yake Wakesho amejiziba mdomo, anacheka mpaka machozi.

"Mama, shikamoo. Msamehe. Huyu ni Zakayo, yuko mwaka wa tatu. Ni mwanangu."

"Mwanao wa wapi?"

"Mimi ni mwanawe, kwa hiyo wewe ni bibi yangu," akasema Zakayo, ameshanyakua mkoba. "Na bibi ni mke wa mjukuu. Au kwenu Mombasa hakuna utani?"

"Upo, lakini wajukuu sina. Hata hamsini sijafika! Na Zakayo wa Biblia alikuwa mfupi, akapanda mti ili aone. Wewe mti wa nini?"

"Mimi ndio mti wenyewe, bibi. Wengine hunipanda mimi."

Tukiwa njiani Wakesho alinieleza. Wanafunzi Wakristo wa chuo kile hujigawa kwa familia. Anayeingia mwaka wa kwanza hupewa baba na mama wa kumwangalia, awe na pa kulilia na pa kula sikukuu. Familia moja mama yake alimaliza masomo akaondoka, watoto wakabaki hivihivi, ndipo wakamwomba Wakesho awalee. Mwanangu wa miaka ishirini na minne, watoto kumi na tisa, wawili kati yao ni wakubwa kuliko yeye.

Usiku ule, tulipobaki wawili katika chumba chake cha kupanga, sikutaka kuzunguka. Nilimwambia kazi ya Kipevu, nikamwambia Jumatano, nikamwambia baba yake amesema nini.

"Abee, mama," akasema. Alikuwa anakunja khanga, akaikunja, akaikunja tena. "Ukisema nirudi, nitarudi. Sitabishana nawe. Lakini kaa nasi mpaka Jumapili, ndiyo useme."

Heri angebishana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano njia nzima, nina aya zangu za Biblia tayari. Kwa utiifu sikuwa na aya.

Ijumaa nilishinda nikimfuata. Nilidhani huduma ya wanafunzi ni kuimba na kupiga makofi. Tulipita mabweni, tukaketi na mmoja anayeumwa, tukamnunulia mwingine uji, tukamsikiliza kijana aliyefeli mtihani akitueleza jambo lilelile mara tatu. Wakesho hakumhubiria. Alisema tu, "Hebu rudia, hapo sikuelewa," na kijana akirudia, sauti yake inashuka kidogo, inapoa.

Mchana mume wangu alipiga simu. "Amefunga mzigo?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Jumapili," nikamwambia. Akakata.

Jumamosi kabla ya jua Wakesho aliniamsha tukaenda uwanja wa mpira wa chuo. Sisi kanisani kwetu twaomba tumeketi au tumepiga magoti. Wao huomba wakitembea. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, mweupe, mzito, na ndani yake vijana walikuwa wakienda na kurudi, kila mmoja njia yake, anasema na Mungu wake kwa sauti ya chini. Humwoni mtu mpaka amekukaribia. Anatokea, uso umeinuliwa, midomo yacheza, anakupita, ukungu unamfunga tena. Hawagongani. Nilisimama katikati nikaona kama nimesimama mahali ambapo maombi yenyewe yamepata miguu. Mmoja alinipita akisema, "Baba, ada, Baba, ada." Mwingine alikuwa akicheka peke yake na kushukuru. Nami miguu yangu ikaanza kutembea, sikuiamuru. Nilikuwa nimekuja na ombi moja, kwamba Mungu anirudishie mwanangu. Nilitembea uwanja mzima nikilitafuta ombi lile mdomoni, na kila nikilianza, mtoto wa watu alitokea kwenye ukungu mbele yangu.

Mchana wake nilipepeta mchele na msichana mmoja mwembamba aitwaye Sikujua, wa mwaka wa kwanza, kwao Sumbawanga. Hakuwa msemaji. Tulifika nusu ya ungo ndipo aliposema:

"Bibi, mama alikueleza nilivyofiwa?"

"Hakunieleza."

"Mama yangu mzazi. Alifariki wiki ya mitihani. Kwetu ni mbali, nisingewahi mazishi. Nilikaa bwenini, wenzangu wote wanasoma, sikujua hata nilie saa ngapi. Mama akaja akanichukua. Akatandika mikeka hapa uani, akawasha moto, akasema kwao Mombasa msiba hauliliwi na mtu mmoja, huwekwa matanga. Familia yote ikalala hapa siku tatu. Zakayo alipika uji, ukaungua. Wakaimba. Waliokuwa na mtihani walikwenda, wakimaliza wanarudi mkekani." Akapuliza makapi. "Nisingekuwa hapa leo. Ningekuwa nimeacha chuo."

Matanga yale aliyaona kwangu. Alipofariki mama mkwe wangu, Wakesho alikuwa mdogo, anapita katikati ya mikeka akigawa vikombe. Hakuna aliyemwambia, "Tazama, ujifunze." Na mimi mchele wangu niliuacha hapo kwenye ungo, nikaingia ndani kidogo, nikatoka.

Jumapili baada ya ibada familia nzima ilijaa uani. Wali, maharage, visheti vya Bi Mwanaisha vikagawanywa nusu nusu mpaka vikaisha. Kisha Zakayo akasimama.

"Ndugu zangu, kwa desturi yetu bibi akija lazima abariki nyumba. Tena tumeomba muda mrefu ili mama akae nasi. Leo Mungu ametuletea mzazi wake. Bibi, mwekee mama mikono utuombee."

Hawakujua. Wakesho hakuwa amewaambia lililonileta. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, ameinamisha kichwa, na wale kumi na tisa wakafumba macho. Niliweka mikono juu ya nywele zake. Mtu anaweza kumzunguka mwenziwe kwa maneno, lakini ukishasema "Ee Mungu," huna tena pa kuzungukia. Nikasema:

"Ee Mungu, wajua nilikuja kumchukua huyu."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikaendelea.

"Baba yake angoja. Kazi yangoja. Nimemzaa, nimemsomesha, nilitaka nimwone akitoka asubuhi na kurudi jioni nyumbani kwangu. Sasa nikimchukua, hawa nimwachie nani? Nimetazama tangu Ijumaa, sijamwona mtu. Kama yuko, nionyeshe."

Nilingoja kweli. Kuku wa jirani walikuwa wakiparua, na mlimani wingu limekaa tu.

"Basi, Bwana, miwili hiyo akae. Lakini asichukuliwe. Mimi ndiye ninayemtoa, mbele ya hawa. Nisije siku moja nikasema mwanangu aliibiwa na kanisa. Nimempa mwenyewe, nikiwa na akili zangu. Na baba yake umwambie wewe, maana mimi naogopa."

Kisha Sikujua akasema amina, ndogo, na wengine wakaifuata, na Zakayo akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Bibi," akasema, "pale mwanzo ulitaka kutuua."

Wakesho hakuinuka upesi. Alinishika miguu, kipaji cha uso kwenye magoti yangu, akalia vile alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, mabega tu.

Jumatatu nilirudi njia ileile. Katani zikapita upande wa pili, nami sikulala. Nilikuwa mwepesi, na ndani ya wepesi ule kulikuwa na maumivu, kama mtu aliyetua mtungi kichwani na shingo bado inaukumbuka. Kina mama wenzangu, nililojifunza ni hili. Nyumbani twasema kwa mdomo kwamba watoto ni wa Mungu. Nami nilisema miaka yote, kanisani, nikipiga makofi. Lakini nilikuwa nimemwekea Mungu Jumamosi na Jumapili za Wakesho, zile siku nyingine nimezifunga kwenye khanga yangu. Na nilijifunza kwamba mtoto aliyetolewa na mtoto aliyechukuliwa, wote huondoka kwa mlango mmoja, lakini mama anayebaki ndani si yuleyule.

Changamwe nilifika taa zimewaka. Mume wangu alitoka barazani, akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Amebaki. Mimi ndiye niliyesema abaki."

Nilimweleza yote, uwanja, mikeka, maombi. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kulala. Jumanne yote hakusema nami ila habari ya chumvi.

Jumatano asubuhi alikuwa anafunga viatu vya kazi simu yangu ilipolia. Ilikuwa Zakayo, ataka kujua kama nilifika salama. Kabla sijamaliza kumjibu akaniuliza, "Babu yupo? Naomba nimsalimu." Nikaogopa, lakini nikampa mume wangu simu.

"Shikamoo, babu!" Sauti ile ilijaa chumba.

Mume wangu aliitazama simu. Kijana kule alingoja, hata pumzi yake tuliisikia. Shikamoo ikishatolewa haiwezi kuachwa hewani.

"Marahaba," akasema mume wangu. Akakohoa. "Nyinyi mko wangapi huko?"

"Kumi na tisa, babu."

"Mnasoma?"

"Tunasoma, babu."

"Someni." Akanirudishia simu, akamaliza kufunga kiatu cha pili, akachukua kofia yake ya bandarini. Mlangoni alisimama, mgongo umenielekea.

"Nitapitia kule ofisini," akasema, "niwaambie wamchukue mtoto wa mwingine. Wetu ana kazi."